Maua ya Manjano Kwenye Keria

Dereva wa tuktuk aliniuliza mara ya pili, safari hii akiwa amejigeuza kabisa kwenye kiti chake. "Sasa madam, nakupeleka wapi? Unasema mjini, na hapa ndio mjini."

Nikamwambia anizungushe tu. Twende Kaloleni kwanza, tupite Kibuye, turudi barabara kuu, mnara wa saa, stesheni ya gari la moshi, tushuke mpaka bandarini, halafu aniache stendi nipande gari la Maseno. Alinitazama kwenye kioo, akaona mwanamke mzima mwenye begi moja na leso ya msibani, akaamua kwamba ama nina huzuni ama nina wazimu, na wote wawili ni abiria. "Haya basi," akasema, "leo tutembee kama watalii."

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufika. Kule Maseno walikuwa wananingoja, na begini nilikuwa na kitu ambacho baba mkubwa aliniagiza kwa simu nikilete, nami sikuwa nimeamua kama nitakitoa. Ngoja nikusimulie kilivyonifikia, maana bila hivyo utamwunga mkono dereva katika lile shauri la wazimu.

Kabla pikipiki hazijafika, na kabla ya hizi tuktuk, Kisumu ilikuwa mji wa baiskeli. Sisemi baiskeli za mtu kwenda nazo kazini. Nasema boda boda za baiskeli, nyeusi, nzito, zenye keria ya chuma nyuma, na juu ya keria mto wa kukalia. Zilijaa kila kona, na ukiamka alfajiri kitu cha kwanza kusikia baada ya jogoo ni kengele zao. Wanaume walizikalia kwa kupanua miguu. Akina mama walikaa upande, magoti pamoja, mkoba mapajani na mtoto juu ya mkoba. Mji mzima ulisafiri hivyo, walimu, wauza samaki, hata bibi harusi nimemwona kwa macho yangu, shela ameikunja mkononi isiingie kwenye spoki.

Na ule mto haukuachwa uchi. Mwendesha boda aliyejiheshimu aliuvisha kitambaa, na kitambaa kilikuwa na pindo la kufumwa lililoning'inia pande zote mbili za gurudumu. Kitambaa ndicho kilichoita wateja. Mama aliyevaa gauni la kanisani hangekalia mto uliochakaa hata kama jua linampasua utosi. Basi vile vitambaa, vingi ulivyoviona mjini siku zile, vilitoka mikononi mwa nyanya yangu.

Tuliishi Kaloleni, kwenye zile nyumba za zamani za baraza la mji, vyumba viwili na uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Cherehani ya nyanya ilikaa mlangoni kufuata mwanga. Sindano ya kufumia aliichomeka kwenye kitambaa cha kichwa, na mara nyingi aliitafuta nyumba nzima huku imemkalia kichwani, nami nikamwacha ahangaike kidogo kabla ya kumwambia. Nyumba ilinuka mafuta ya cherehani na uji wa mtama. Kazi yangu ilikuwa kuteka maji mferejini, kuchambua omena, wale dagaa wa ziwani, kuokota nyuzi sakafuni, na kumtilia uzi kwenye tundu la sindano kwa kuwa macho yake yalikuwa yamechoka. Alinisemesha Kijaluo, nikamjibu Kiswahili cha shuleni, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Tulikuwa wawili tu. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo mno, hata sura yake naijua kwa picha moja ambayo amefumba macho. Lakini gauni lake nililijua vizuri. Lilikuwa la kijani, lenye maua madogo ya manjano. Baada ya matanga nyanya alilikata, akalishona kuwa kitambaa cha keria, akakizungushia pindo jeupe, akampa mwanawe. Mwanawe ndiye baba yangu, naye alikuwa mwendesha boda. Majirani walinong'ona kwamba nguo ya marehemu haikaliwi. Nyanya akawajibu kwamba nguo ikifungiwa sandukuni huliwa na nondo, na nondo hawana msiba. Kwa hiyo nilikua nikipelekwa shule nimekalia gauni la mama, nimeshika shati la baba kwa nyuma, na hiyo, rafiki yangu, ndiyo familia yangu yote niliyowahi kuwa nayo kwa pamoja.

Kisha asubuhi moja baba alitoka na baiskeli kwenda kazini, asirudi.

Hakuwa amegombana na mtu. Hakubeba nguo. Nyanya alizunguka hospitalini, polisi, na kwenye vituo vyote vya boda, na kila mtu alisema alimwona jana au juzi. Wiki zikawa miezi, darasa likaisha nikaingia jingine. Kila jioni nyanya alimpakulia baba ugali wake, akaufunika kwa bakuli, na asubuhi akanipa mimi ukiwa mgumu. Niliula. Mpaka leo ukinipa kiporo nitakishukuru na sitakigusa.

Mwaka uliofuata baba mkubwa, kaka yake baba, akaanza kuja. Yeye aliishi nyumbani kwetu hasa, upande wa Maseno, mtu mpole wa shamba na ng'ombe. Alikuja na viazi vitamu, akanywa chai, akaisifu mvua au akailaumu, na chai ikiisha akasema kilichomleta. Mwanawe mdogo alikuwa anaanguka na kutoka povu, na akiwa katika hali hiyo alilitaja jina la baba yangu. Wazee walikuwa wamesema basi. Aliyepotea amekufa huko aliko, na roho yake inadai mahali pa kulala.

Kwetu, mtu akifa na mwili usipatikane, linazikwa yago badala yake. Yago ni tunda la mti wa mwegea, tunda refu kama mkono wa mtu na zito, halina utamu wala kazi ya jikoni. Linachimbiwa kaburi, linalazwa, linaliliwa kwa sauti kama mtu. Baada ya hapo marehemu anatulia, na walio hai wanapata usingizi.

"Mama, wacha tumzike tu," alisema baba mkubwa. "Hii maneno itanimalizia mtoto."

"Na kama yuko hai?" nyanya akauliza.

Hapo ndipo maneno yalipokwama. Kumzika mtu aliye hai ni kumfungia mlango kabisa. Siku akirudi atakuta kaburi lake uani, na hakuna atakayempa mkono, hakuna atakayekula naye, watoto watamkimbia. Nyanya hakutaka kumfungia mwanawe mlango, na baba mkubwa hakutaka kumpoteza wake. Wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana hata kugombana hawakuweza vizuri. Wakaishia kukubaliana kwamba Krismasi ikifika bila habari yoyote, yago litazikwa.

Nilikuwa nyuma ya pazia nikitilia sindano uzi. Hakuna aliyeniuliza. Nadhani walisahau kwamba mtu waliyekuwa wakimpangia kaburi alikuwa baba wa mtu. Nikaamua peke yangu kwamba yuko hai na kwamba nitamtafuta, na njia niliyoijua ilikuwa moja, kulitafuta lile gauni la kijani.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi jirani mmoja, mwendesha boda pia, mtu mwenye mdomo usiofungwa breki. Nyanya alimshonea vitambaa naye akamlipa kwa miguu yake. Kila Jumamosi alinibeba pamoja na furushi la vitambaa vipya tukavigawe kwa wenyewe mjini. Nilishika furushi kwa mkono mmoja na shati lake kwa mwingine. Halikuwa shati la baba, na lilinuka sabuni tofauti, lakini lilishikika.

Jirani alinionyesha mji kama mtu anayemtembeza mgeni kwenye boma lake. Kibuye ilikuwa jikoni. Huko kulikuwa na moshi wa mahindi ya kuchoma, harufu ya samaki mbuta mkavu, milima ya mitumba, na akina mama waliomwita kwa jina la kijiji chake wakimtania kwamba atazeeka bila bibi. Barabara kuu ilikuwa sebule, maduka ya Wahindi yenye baraza ndefu za kivuli, majora ya kitambaa yamesimamishwa mlangoni, harufu ya ubani na ya bajia kwa pamoja. Stesheni aliiita mlango wa mbele, na pale waendesha boda walijipanga kungoja gari la moshi kwa adabu wasiyokuwa nayo kwingine kokote. Na ziwa lilikuwa uwanja wa nyuma. Tuliteremka kwenda bandarini bila kukanyaga pedali, pindo za kitambaa zikipepea, upepo ukinijaa mdomoni. Kurudi ilikuwa hadithi nyingine. "Kushuka ni ya Mungu," alisema jirani, "kupanda ni ya miguu. Teremka." Nikateremka, tukasukuma baiskeli pamoja mpaka juu.

Ungedhani mtoto yeyote angefurahi. Nilifurahi, sikatai. Lakini kila mahali macho yangu yalikuwa chini, kwenye keria za watu. Na tatizo la keria ni kwamba zikiwa kazini zimekaliwa. Ikabidi ningoje mama fulani ashuke, nione alichokikalia, halafu nihamie kwa mwingine. Jirani alivumilia, kisha siku moja akasimamisha baiskeli katikati ya sebule yake. "Yawa, nyako, wewe msichana," akasema, "kwa nini unaangalia watu matako tu? Watu watasema nini juu yangu?"

Nililia hapo hapo, mbele ya duka la viatu. Hakuniuliza tena. Lakini kuanzia Jumamosi ile alianza kupita vituo ambavyo hatukuwa na vitambaa vya kupeleka. Alizungukia nyuma ya hospitali, alikwenda mpaka Kondele, alinipitisha Manyatta kwenye vichochoro ambamo baiskeli mbili hazipishani, na kote huko alipiga kengele polepole na kusimama muda mrefu kuliko salamu zilivyohitaji. Nilijua anachokifanya. Naye alijua kwamba najua.

Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa kwenye kile kiti cha nyuma. Ukikaa nyuma ya mtu huoni uso wake, wala yeye haoni wako. Mji wote ulikuwa unapita, watu wakiitana, wakicheka na midomo iliyojaa miwa, na mimi nilikuwa naupita keria moja moja kama mtu anayetafuta mchanga ulioanguka kwenye mchele.

Novemba ile mvua zilikuwa za kila alasiri. Unazijua mvua za Kisumu. Jua linakuchoma saa nane, saa tisa ziwa linakuwa jeusi, na kabla hujaanua nguo kambani mvua imekufikia. Tulikuwa barabara kuu ilipotukuta. Waendesha boda wote wakakimbilia kwenye baraza za maduka, na kabla ya kujifuta uso kila mmoja akafanya jambo lile lile, maana ndiyo iliyokuwa desturi yao. Walivua kitambaa kwenye mto wakakitia ndani ya shati, kifuani. Mwili ukilowa unakauka. Kitambaa kikilowa siku imeharibika, hakuna mteja wa kukalia maji.

Mwanamume mmoja nisiyemjua, mwenye mfuko wa mchele umefungwa mbele kwenye usukani, alikuwa anahangaika na mto wake. Alianza kwa kuvua karatasi nyeusi ya nailoni iliyoufunika. Chini ya karatasi kulikuwa na kijani. Kulikuwa na maua ya manjano.

Nilitamka neno moja tu, "Mama." Jirani aligeuka, akaona nilichokiona, akanishika bega kwa nguvu. Halafu yule mtu wa maneno mengi akasema machache, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya sukari.

"Omera, ndugu yangu, hii baiskeli ni nzuri. Ulitoa wapi?"

"Hii? Nilinunua Usenge," yule mtu akasema. "Kuna jamaa hapo ufuoni, aliacha boda akaingia kazi ya ziwa."

"Bado ako huko?"

"Sana. Ako na bibi hapo hapo, na kamtoto kachanga. Mtu mzuri, hana maneno." Akakitazama kitambaa mkononi mwake. "Hata hii nilimuuliza kama anataka kubaki nayo. Akasema niende nayo tu. Mimi naifunika na karatasi, inakaa kama ilikuwa ya mtu. Kwani mnamjua?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati kama mawe. Jirani alitikisa kichwa. "Hapana," akasema. "Huyu mtoto amependa tu kitambaa." Akatoa kifuani mwake kile alichokipokea kwa nyanya wiki ile ile, chekundu, kipya, hata chaki ya kuchorea ilikuwa haijafutika, wakabadilishana. Yule mtu alidhani amepata bahati. Alinipigapiga kichwani akaniambia nisome kwa bidii.

Nilikitia kile kitambaa ndani ya gauni langu, kifuani, kama wao. Mvua ilipokatika tulirudi Kaloleni. Jirani alipita bila kusimama, hata alipoitwa na watu wa sokoni.

Nyanya alikuwa kwenye cherehani. Nilikiweka mapajani mwake. Alipapasa pindo kwanza, kwa vidole, macho yakiwa pengine, na vidole vilipofika kwenye fundo lake la mwisho, lile la kumalizia, akasimama. Jirani alimwambia yote, mlangoni, kofia mkononi. Usenge. Ziwa. Mke. Mtoto.

"Yuko hai," nyanya akasema.

Akapiga kigelegele. Alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka, akapiga magoti kwenye sakafu yenye nyuzi, akamshukuru Mungu kwa Kijaluo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, huku machozi yakimtiririka, na wanawake wakaingia wakamkumbatia. Na mimi nilikuwa nimesimama kando ya cherehani, nimelowa. Yeye alikuwa amempata mtoto wake. Mimi ndio kwanza nilikuwa nimempoteza baba, maana mpaka asubuhi ile alikuwa amepotea tu, na aliyepotea mtu humtetea. Huyu alikuwa Usenge, anambeba mtoto mwingine, na gauni la mama alisema liende tu.

Nyanya aliniona baadaye sana, watu walipokwisha kwenda. Alinivua nguo zenye maji, akanisugua kwa taulo kama mtoto mchanga. "Nyakwara, mjukuu wangu," akaniambia, "mimi ni mama yake. Sina namna." Nilimkasirikia kwa muda mrefu kwa ajili ya kile kigelegele. Leo nina watoto wangu, simkasirikii tena.

Yago halikuzikwa. Nyanya alikwenda Maseno mwenyewe akasema mwanawe yuko hai, na baba mkubwa, badala ya kukasirika, aliketi chini akalia. Mtoto wake akapelekwa hospitali, akapewa vidonge vya kifafa, na sasa ni mwalimu mwenye kitambi. Kwa wauza omena waliokuwa wakienda na kurudi Usenge, nyanya alituma neno moja, kwamba nyumba yake ipo na hakuna aliyemzika. Baada ya muda mama mmoja muuza omena alisimama mlangoni kwetu, beseni kichwani, akaleta jibu. "Nilimpata," alisema. "Alisema amesikia."

Hilo ndilo jibu lote. Nyanya aliishi kwa neno hilo miaka mingi. Nikimuuliza kama baba atakuja Pasaka, au nikifaulu mtihani, alisema, "Amesikia," na kuendelea kufuma. Pikipiki zilianza kuingia, zenye viti vyao vya ngozi bandia visivyohitaji kuvishwa, na wateja wa vitambaa wakapungua mpaka akabaki jirani peke yake, ambaye nadhani aliviagiza kwa huruma. Nilipokwenda sekondari ya bweni nyanya alinipa kile cha kijani nikakifunge kwenye sanduku, akasema nichunge nondo. Alipofariki tulimngoja mwanawe siku nzima atie mchanga kaburini. Tulimngoja hata baada ya mchungaji kufunga kitabu. Hakuja. Kwa nini aliondoka, sijui. Wakati mwingine nawaza kwamba labda ni sisi tuliomwekea mzigo, mtu kukanyaga pedali kutwa nzima na gauni la mkewe nyuma yake, limekaliwa na kila mpita njia. Wakati mwingine nawaza kwamba ni mwoga tu. Inategemea nimeamkaje.

Juzi simu ililia. Baba mkubwa sasa ni mzee, anapiga kelele kwenye simu kana kwamba Nairobi ni ng'ambo ya shamba. Mashua aliyokuwamo baba ilikuwa imepinduka huko Usenge. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Wametafuta mpaka wamechoka. "Sasa ni yago," akasema. "Leta kitu chake chochote tuweke pamoja nayo. Huku hatuna kitu, hata shati."

Kitu chake nilichokuwa nacho kilikuwa kimoja, nacho hakikuwa chake.

Basi ndiyo maana nilikuwa nazunguka. Kaloleni bado ipo, ila mlango wetu una rangi ambayo nyanya angeisema vibaya, na kwenye uwanja wa nguo kuna pikipiki mbili. Kibuye imepangwa upya, nilipotea mara moja. Barabara kuu maduka ni ya simu, muziki wa kila duka unapigana na wa jirani yake, na baraza zimejaa wachuuzi. Nilimwomba dereva apunguze mwendo pale mbele ya lililokuwa duka la viatu. Pale stesheni hakuna keria hata moja iliyojipanga. Niliona baiskeli moja tu mji mzima, imefungwa mitungi ya maji, kiti cha nyuma hakuna. Jirani alikufa kabla mtu hajamwambia kwamba boma lake limeuzwa.

Tulipokuwa tunateremka kwenda bandarini nilikitoa kitambaa begini. Maua yamepauka, lakini ukikigeuza ndani bado ni ya manjano. Nikalitazama pindo. Lile pindo nyanya alilifuma kwa ajili ya mwanawe, kila fundo, na vidole vyake vililitambua kabla ya macho. Hilo ni lake, nani atamnyima? Lakini gauni ni la mama. Baba aliulizwa kama anataka kubaki nalo, akasema liende.

Nikatafuta fundo la mwisho, nikaanza kufumua kwa ukucha mshono uliolishika pindo kwenye kitambaa. Dereva alinichungulia kwenye kioo. "Mama, hiyo uzi isianguke kwa gurudumu," akasema. Nikamwambia asijali, nimezoea. Tulifika ziwani, magugu maji yamejaa mpaka ukingoni, nikamwambia ageuze bila kuzima injini. Pindo lilikuwa limetoka lote, jeupe, limejikunja mapajani mwangu. Nililifunga fundo nikalitia mfukoni. Baba mkubwa ataliweka juu ya yago, na nyanya atakuwa amemvisha mwanawe kwa mara ya mwisho.

Kilichobaki nilikikunja vizuri, nikakiweka kwenye kiti, nikakikalia.

"Twende stendi sasa," nikasema. Tukaanza kupanda kile kilima cha kutoka bandarini, na hakuna aliyeniambia niteremke tusukume. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa mtu nisiyemjua, na kati yetu chuma cha tuktuk. Mkono wangu ulitafuta shati bila mimi kuutuma. Nikashika chuma.